Tuache kujidanganya: si kweli kwamba maisha ya siku hizi yanatunyima muda wa kukua kiroho

#1 Mkaguzi
Habari zenu wadau. Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu wengine, na mwezi uliopita niliamua kukagua zangu. Mzee mmoja wa kanisani kwetu aliniuliza mbona sionekani kwenye mafundisho, nami nikamjibu lile jibu ambalo sote tunalo mfukoni, kwamba muda hauniruhusu. Usiku ule jibu langu lilinikera. Kwa siku 14 zilizofuata nilitembea na daftari dogo, nikawa naandika kila nusu saa nilichokuwa nikifanya, bila kujipendelea.

Wastani wa siku moja ulikuwa hivi: usingizi saa 6 na nusu, kazi pamoja na safari ya kwenda na kurudi saa 11, simu kwa mambo yasiyo ya kazi saa 2 na dakika 50, sala na kusoma Neno dakika 9. Katika hizo dakika 9 nimejumuisha sala ya kabla ya kulala, ambayo mara nne niliimalizia usingizini.

Hoja yangu ni fupi. Muda upo, ila sisi tunaolalamika tumeugawa tunavyotaka, kisha tukazisingizia zama tunazoishi. Anayepinga naomba anipinge kwa hesabu, asinijie na huruma.

#2 Mpita Njia
Nimeusoma uzi huu nikiwa ndani kabisa ya zile saa 2 na dakika 50. Naweka kambi hapa.

#3 Mama Mapacha
Ndugu Mkaguzi, umetaka hesabu, basi pokea za kwangu. Nina watoto wawili wa miezi 15 na kazi ninayoifanyia nyumbani. Juzi niliiga mtindo wako wa daftari, nikakuta kwamba kwa siku nzima nilipata dakika 70 ambazo hakuna mtu aliyezidai. Kwako wewe dakika 70 ni utajiri. Kwangu zilikuja vipande 19, na kirefu kuliko vyote kilikuwa cha dakika 8, nacho kilikatizwa na kilio.

Kuna Zaburi ya 119, yenye aya 176. Nimeinakili kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya sinki ninapofulia nguo za watoto, na karatasi yenyewe sasa imevimba kwa maji hadi wino umeanza kutembea. Nasoma aya mbili, naitwa, narudi, nasahau nilipoishia, naanza upya. Kwa miezi mitatu nimefika aya ya 64. Ukinijumlishia vipande vyangu kisha ukaniambia kwamba nina zaidi ya saa moja ya kutafakari, utakuwa umekusanya vigae ukaviita mtungi.

#4 Mwanafunzi wa Kale
Dada Mama Mapacha, usijione mpungufu. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakuu wa maneno ya Mtume, Mtume Muhammad (S.A.W.) amesema kwamba huwa anasimama kuswali akikusudia kuirefusha swala, kisha husikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kuchelea kumpa mama yake tabu. Zingatia kwamba swala ile ni ya jamaa, yaani ya pamoja, na imamu ni yeye mwenyewe, lakini mtoto anayelia safu za nyuma ndiye aliyeamua urefu wake.

Ndugu Mkaguzi, hesabu zako sizipingi, ila naona umekagua akaunti moja tu. Salman, swahaba wa Mtume, alipomtembelea swahaba mwenzake Abu Darda alimkuta anafunga mchana kutwa na kuswali usiku kucha, na mkewe ameshaacha hata kujipamba kwa kuwa mumewe hana haja tena na mambo ya dunia. Salman alimlazimisha kula, akamlazimisha kulala, na usiku ulipokaribia kwisha ndipo wakainuka kuswali pamoja. Akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na ahali zake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume alipoelezwa akasema Salman kasema kweli. Kwa hiyo daftari lako lingetakiwa kuwa na safu ya mke na watoto pia, na safu ya mwili. Saa 6 na nusu za usingizi umeziweka pale kana kwamba ni hasara.

#5 Dereva Mkimya
Mimi naendesha lori la masafa marefu na muda ninao mwingi hadi nauogopa. Kuna siku nakaa saa tano kwenye usukani peke yangu, bila mtoto wa kulia, bila bosi, bila mtu wa kunisemesha. Kwa hesabu za Mkaguzi, mimi leo ningekuwa walii.

Ukweli ni kwamba nikizima redio ya gari, redio ya kichwani inawaka. Nalipa madeni ambayo hayajafika, nagombana na watu ambao hawapo, najibu maneno niliyoambiwa miaka sita iliyopita. Nina tasbihi imening'inia kwenye kioo, na mara nyingi nagundua kwamba vidole vimeshafika mwisho wa shanga 99 huku moyo haukuwepo hata kwenye ya kwanza. Hivyo mimi sikosi muda, wala muda wangu hauji vipandevipande kama wa dada hapo juu. Kinachokosekana kwangu sijui kinaitwaje.

#6 Mdadisi Huru
Salamu kwenu. Mimi si mtu wa dini, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa kimya kila asubuhi nikifuatilia pumzi, kwa hiyo naomba nipokelewe kama jirani.

Anachokisema Dereva kinaitwa umakini, na umakini una wawindaji wake. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ule ukurasa usio na mwisho, ambao ukifika chini unajiongeza wenyewe. Baadaye amejutia hadharani namna ubunifu huo ulivyotumika. Zamani gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho, na ukurasa huo ulikuwa mlango wa kutokea. Mlango huo uling'olewa kwa makusudi. Tena mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuikamilisha, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza. Basi Mkaguzi anapotoka kwenye simu na kuingia kwenye zile dakika zake 9, anaingia na nusu ya kichwa. Si haki kuuita udhaifu wa mtu binafsi wakati kuna viwanda vizima vinavyolipwa ili udhaifu huo usiishe.

#7 Kobe Mzee
Vijana mna haraka ya kuilaumu simu. Katika karne ya 4 kulikuwa na mtawa katika jangwa la Misri, Evagrius Ponticus, aliyefariki mwaka 399. Ameeleza pepo aliyemwita wa adhuhuri, na maelezo yake yananichekesha kila ninapoyasoma. Pepo huyo humfanya mtawa aone jua haliendi, amlazimishe kuchungulia dirishani kila mara, atoke nje kutazama kama saa tisa imekaribia, kisha ageuze shingo huku na huku labda kuna ndugu anakuja kumtembelea. Halafu humtia chuki ya mahali alipo na ya kazi ya mikono yake.

Hapo hapakuwa na arifa wala ukurasa usio na mwisho. Palikuwa na dirisha moja na jangwa, na bado jamaa walichungulia. Mdadisi, huenda wabunifu wako hawakukiumba kiu. Walichimba kisima mahali ambapo watu walikuwa wameshasimama na ndoo.

#8 Mpita Njia
Kwa hiyo mtawa wa karne ya 4 alikuwa anaangalia kama kuna aliyemwandikia. Nimepata faraja kubwa ambayo nadhani sikustahili kuipata.

#9 Mchungaji Msaidizi
Bwana asifiwe wapendwa. Mjadala ni mzuri, ila naona tunazunguka. Dawa inajulikana, nayo ni alfajiri. Marko 1:35 inasema Yesu aliamka mapema sana, kungali giza bado, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Kabla dunia haijakudai, wewe uwe umeshatoa fungu la Mungu. Wengine wataniambia ni vigumu kuamka, nami huwaambia wavumilie siku 21 tu, maana sayansi imethibitisha kwamba jambo lolote likifanywa kwa siku 21 hugeuka mazoea. Nimewafundisha wengi hivyo, na wengi wamefanikiwa.

#10 Nesi wa Zamu
Mchungaji, nakuheshimu, lakini alfajiri yangu ni saa ya kukabidhi zamu. Wiki hii kungali giza bado mimi nakuwa nimesimama tangu jana jioni, naandika kiasi cha dripu kilichoingia na kilichobaki. Wiki ijayo ratiba inageuka. Ushauri wa kiroho unaofuata saa umetungwa na watu ambao saa zao hazihamishwi na mwajiri.

Niongeze na langu. Usiku mmoja, yapata saa tisa, mgonjwa wetu mzee alikata roho, na ndugu zake walikuwa mbali. Nilimfumba macho kwa vidole viwili, kisha, kama utaratibu unavyodai, nikatazama saa ya ukutani ili niandike muda wa kifo. Sekunde zile chache, kati ya macho yake na ile saa, niliomba kuliko nilivyowahi kuomba nikiwa nimepiga magoti. Sikupanga. Kalamu ilikuwa mkononi tayari. Tangu siku hiyo nimeacha kutafuta muda wa Mungu nje ya kazi, kwa sababu nashuku kwamba ananisubiri ndani ya wodi.

#11 Mdadisi Huru
Mchungaji, samahani, nasahihisha jambo moja. Siku 21 hazikutokana na utafiti wa mazoea. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Neno "angalau" likapotea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96, wakachapisha matokeo yao mwaka 2009: wastani ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilianzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa wale waliofundishwa siku 21 wakashindwa, huenda hawakushindwa. Walikatishwa tamaa siku ya 22.

Jambo lililonifurahisha zaidi katika utafiti huo ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mwenendo mzima.

#12 Mchungaji Msaidizi
Asante kwa sahihisho, nimelipokea. Nimekuwa nikilisema jambo hilo madhabahuni kwa miaka, kwa hiyo Jumapili nina kazi ya kufanya.

#13 Mama Mapacha
Mchungaji wangu, kwa kuwa umepokea sahihisho kwa moyo mweupe, niongezee la pili. Umesoma aya ya 35 ukaishia hapo. Ya 36 na ya 37 zinasema Simoni na wenzake walimfuata, walipomwona wakamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Hata yeye hakumaliza bila kuitwa. Na katika sura ya 6 ya Injili hiyohiyo anawaambia wanafunzi waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawana. Wanapanda chombo, na umati unakimbia kwa miguu unawatangulia kufika. Mapumziko yale yaliishia kwenye kufundisha umati hadi mchana ukapita.

Sikatai alfajiri. Nasema tu kwamba tunapoambiwa habari za faragha ya watu wakubwa, tusimalizie kabla ya mlango kugongwa.

#14 Mtunza Stoo
Nimeguswa na Nesi. Mimi natunza stoo ya vipuri: misumari, mikanda ya mashine, glovu, balbu. Kwa miaka 11 niliamini kwamba kazi yangu haina uhusiano wowote na roho yangu, mpaka nilipokutana na Kanuni ya Benedikto wa Nursia, mwongozo wa maisha ya watawa wa karne ya 6. Sura ya 31 inamhusu mtunza stoo wa monasteri, na inaagiza kwamba avitazame vyombo vyote na mali yote ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altareni.

Nilisoma nikaangalia rafu zangu. Kesho yake nilipokuwa nahesabu glovu, jozi kwa jozi, nikijaza kadi, niliacha kuzirusha. Nilizipanga vidole vikielekea upande mmoja. Mwenzangu aliniuliza kama kuna ukaguzi unakuja. Benedikto mwenyewe amesema yote kwa maneno mawili, sali na fanya kazi, na nadhani hapo ndipo jibu la uzi huu lilipo.

#15 Kobe Mzee
Mtunza Stoo, sura ya 31 umeisoma vizuri kuliko wengi. Lakini maneno "sali na fanya kazi" hayamo katika Kanuni ya Benedikto. Ni kaulimbiu waliyopewa watawa wake karne nyingi baadaye. Ukisoma sura ya 48 utaona anapanga saa za kazi ya mikono na saa za kusoma kwa utulivu, kila moja na zake. Na sura ya 43 inasema ishara ya ibada ikisikika, mtu aache mara moja alichokishika mkononi. Hakuyachanganya mambo hayo mawili kiasi kwamba moja limeze lingine. Kama kazi ingetosha kuwa sala, kengele ingekuwa ya nini?

Nina hofu nyingine pia. Waajiri wengi wangefurahi sana kusikia kwamba kazi ni sala, maana mtu hadai malipo ya ziada kwa kusali. Yule Bradha Lawrence, mtawa wa Kikarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, anatajwa kila mahali kama mtu aliyemwona Mungu katikati ya masufuria. Wanaomtaja husahau kwamba kazi ya jikoni hakuipenda kwa asili yake, na kwamba aliandika mwenyewe kuwa miaka yake 10 ya mwanzo ilikuwa ya mateso makubwa. Hiyo ni miaka 10 ndani ya monasteri, ambamo kengele zinalia na kila aliyemzunguka anasali.

#16 Nesi wa Zamu
Kobe Mzee, hapo kwenye waajiri umenichoma, na si kwa ubaya. Mwezi uliopita tuliombwa kuongeza zamu kwa hoja kwamba huu ni wito. Nilikubali, na kwa wiki mbili sikuona lolote takatifu ndani ya wodi ile zaidi ya kiti.

#17 Sauti ya Nyika
Mnahangaika bure. Njia mbili zilimshinda fisi. Anayetaka kukua kiroho aondoke, basi. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkubwa kuliko wote Baghdad, mwaka 1095 akaacha cheo, mali na familia, akaenda zake kumtafuta Mola wake. Wengine wote, tukiwemo humu, tunapenda kuandika habari za safari kuliko kufunga mizigo.

#18 Mwanafunzi wa Kale
Ndugu yangu, kuondoka aliondoka, lakini familia hakuitupa. Ameeleza mwenyewe kwamba aliigawa mali yake akabakiza kiasi cha kuwatosha watoto. Kabla ya hapo alisitasita kwa karibu miezi sita, leo anaazimia kutoka, kesho anaahirisha, hata ulimi ukafungwa asiweze kufundisha. Halafu anakiri jambo ambalo wasimulizi hawalipendi: hata akiwa katika upweke wake, matukio, mahitaji ya familia na dharura za maisha ziliendelea kuuchafua utulivu wake, na ile hali safi aliipata kwa nyakati za kupitia tu. Mwaka 1106 alikuwa amerudi darasani, safari hii Nishapur.

Ghazali aliyekimbia ofisi moja kwa moja hayupo. Yupo aliyekaa nje takriban miaka 11, akivutwa nyumbani na maombi ya watoto wake, kisha akarejea.

#19 Kobe Mzee
Nampa Sauti ya Nyika zawadi moja kutoka jangwani. Abba Yohane, mtawa aliyeitwa Mfupi, siku moja alimwambia kaka yake kwamba anataka kuishi kama malaika, wasio na shughuli ila kumtumikia Mungu bila kukoma. Akavua joho lake akaenda zake. Baada ya wiki moja akarudi akabisha hodi. Kaka akauliza nani, akajibu ni Yohane. Kaka akasema, "Yohane amekuwa malaika, hayupo tena miongoni mwa wanadamu." Akamwacha nje hadi asubuhi. Alipomfungulia akamwambia, "Wewe ni mwanadamu, inakupasa ufanye kazi tena ili ule."

#20 Sauti ya Nyika
Nimeipokea zawadi. Lakini kumbuka kwamba kaka yake naye alikuwa anaishi jangwani.

#21 Mpita Njia
Hapo Kobe amekamatwa mguu. Nilikuwa naondoka, naona siondoki.

#22 Mkaguzi
Wadau, nimesoma yote na nina mambo ya kukiri. Nilipofungua uzi huu sikuwaambia kilichotokea baada ya zile siku 14. Nilijiwekea lengo la dakika 30 za sala kila siku, na daftari likaendelea. Wiki ya kwanza nilifikia wastani wa dakika 31, nikafurahi kama mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka bila hitilafu. Wiki ya pili nikajigundua nasali huku jicho moja likiwa kwenye saa. Siku moja nilimaliza dakika ya 26, sikuwa na neno lililobaki moyoni, nikaanza kurudia Baba Yetu polepole ili zifike 30. Kwa lugha ya kazi yangu, nilikuwa napika vitabu, na niliyempikia ni Mungu.

Bado naamini kwamba muda upo, kwa upande wangu angalau. Kwa Mama Mapacha naondoa hoja: vipande 19 havijumlishwi. Kwa Dereva sijui la kusema, kwa sababu anao muda wote nilioutaka na bado yupo pale nilipo.

#23 Mwanafunzi wa Kale
Kukiri huko ndugu Mkaguzi ni kuzito, na una mwenzako. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume, alikutana na Abubakar, swahaba wa karibu wa Mtume, akamwambia, "Hanzala amekuwa mnafiki." Alipoulizwa kwa nini, akaeleza kwamba wakiwa mbele ya Mtume wanakumbushwa Pepo na Moto hadi wanakuwa kama wanaviona kwa macho, lakini wakirudi kwa wake, watoto na mashamba, mengi wanayasahau. Abubakar hakumsuta. Alimjibu kwamba hata yeye hupatwa na hayohayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile daima, malaika wangewapa mikono vitandani na njiani mwao; lakini, ewe Hanzala, saa na saa. Akalirudia mara tatu. Imo katika Sahihi Muslim.

Mashehe wanatahadharisha kwamba "saa na saa" si ruhusa ya saa ya ibada na saa ya maasi, kama wengine wanavyopenda kuitumia. Ni saa ya ukaribu na saa ya shughuli za halali.

#24 Dereva Mkimya
Katika kisa hicho mimi nimeshikwa na jambo jingine. Hanzala alikutana na mtu njiani, akasema lililomo moyoni, na yule mtu akasema hata mimi. Safari yangu yote ya saa tano sina wa kumwambia hata mimi. Nilipokuwa na utingo mtu mzima, ambaye sasa ameacha kazi, tulikuwa tunasimama pembeni mwa barabara kuswali, yeye anatangulia mbele, mimi nyuma yake, lori likiwa linanguruma taratibu. Moyo haukuwa ukitoroka kama unavyotoroka sasa. Barabara ni ileile na kichwa ni kilekile.

#25 Mdadisi Huru
Dereva, hilo ni jambo la kuchunguzwa kuliko yote tuliyoyaandika, ingawa naona linapingana na nilichosema mimi kuhusu simu. Mimi nakaa kimya peke yangu na ninanufaika. Labda tunazungumzia njaa mbili tofauti na tumezipa jina moja.

#26 Mtunza Stoo
Au labda utingo alikuwa imamu mzuri tu. Tusikuze mambo.

#27 Mkaguzi
Nimerudi baada ya siku nne. Maneno ya Dereva yalinipeleka kwa yule mzee aliyeniuliza mbona sionekani. Nilimpelekea hesabu zangu zote, daftari na wastani wake, nikamwomba anishauri nipunguze wapi. Alilifungua daftari, akaligeuzageuza, akanirudishia. Akasema hakuwa ameniuliza habari za muda. Kiti ninachokaliaga kilikuwa wazi Jumapili tatu mfululizo, akadhani naumwa, na aliogopa kuuliza moja kwa moja.

#28 Mama Mapacha
Nimefurahi kwa ajili yako kaka Mkaguzi, na karatasi yangu imefika aya ya 71 kabla haijachanika. Ila mwulize mzee huyo swali moja kwa niaba yangu: miaka yote hiyo alipokuwa akikaa kwenye mafundisho bila kukosa, nani alikuwa amebaki na watoto?

#29 Mkaguzi
Nitamwuliza Jumapili, mkewe akiwepo.